Tumepiga Hodi Mara Tatu, Hakujibu Mtu

Mtandao ulirudi Pemba Jumamosi asubuhi, siku ya tisa, bila salamu wala kuomba radhi. Maisa Hashil alikuwa uani kwa bibi yake, huko Ole, amekaa juu ya mbuzi anakuna nazi, na simu kaitupa kwenye ungo wa muhogo kama kitu kilichomaliza kazi yake duniani. Mara simu ikatetemeka. Ikatetemeka tena. Ikatetemeka mfululizo, ikajisogeza yenyewe mpaka ukingoni mwa ungo, ikaangukia kwenye maganda, na huko chini nako haikunyamaza.

"Iokote, ishapandisha shetani hiyo," alisema Bi Mize. Bi Mize ni jirani wa nyumba ya pili. Asubuhi huja kunywa chai, na akishakunywa haondoki mpaka Isha.

"Wachumba hao," alisema Bi Mwanawema, bibi yake Maisa, bila kuinua macho kwenye muhogo anaoumenya. "Wamezuiliwa siku tisa, sasa waja kwa pamoja."

Maisa akacheka, akajifuta mikono kwenye kanga, akaiokota simu. Kicheko hakikufika mwisho.

Ujumbe mia sita na arobaini. Wa kwanza, kwa Kiingereza, kutoka kwa mtu asiyemjua, uliuliza: Hodi ni nani? Wa pili ulisema: Bwana Hodi, nakuomba usiiguse kompyuta yangu, nina mtihani kesho. Wa tatu ulikuwa picha. Ilikuwa picha ya ukurasa wa maelezo ya Korali, ukurasa ambao Maisa anaujua kuliko chumba chake, na kila mahali palipokuwa na linki pamekaa maneno ya Kiswahili: *Tumepiga hodi mara tatu, hakujibu mtu.* Chini yake tena: *Tumepiga hodi mara tatu, hakujibu mtu.* Na chini yake tena, mpaka picha ikaisha.

Maneno yale aliyajua. Ni yeye aliyeyaandika.

Korali ni lugha ya kuandikia programu. Haisemwi na mtu kwa mdomo. Huandikiwa kompyuta, na ina kitabu chake cha maelezo kinachokaa mtandaoni, kurasa mia nne na ushei. Ndani ya kurasa hizo mna linki elfu mbili mia tatu na arobaini: ukibonyeza hapa unapelekwa kwenye mfano, ukibonyeza pale kwenye makala ya mtaalamu fulani. Tabu ya linki ni kwamba upande wa pili kuna mwenyewe. Mwenyewe akihama, akifa, au akichoka tu, linki hubaki imeelekea ukutani. Maisa, mwalimu wa kompyuta huko Chake, alichoka kuwaambia wanafunzi wake, "Hii zamani ilikuwa nzuri." Akaanza kuzitengeneza mwenyewe. Anatafuta ukurasa umehamia wapi, anabadili anwani, anawapelekea wenye Korali, nao wanapokea. Kazi yenyewe haina sifa. Ni sawa na kufagia ua wa msikiti: hakuna anayekuona ila siku usipofagia.

Programu za kukagua linki zipo tele, lakini zimetungwa na watu wenye mtandao wa mbio. Hugonga mara moja, husubiri sekunde tano, huandika *imekufa*. Ukiwa Ole, kwa sekunde tano hata jirani yako anakuwa marehemu. Kwa hiyo Maisa alitunga yake akaiita Hodi, akaipa adabu aliyolelewa nayo: unapiga hodi, unasubiri; unapiga ya pili, unasubiri; unapiga ya tatu, kisha unakwenda zako bila kinyongo. Milango yote hupigiwa kwa pamoja, na baina ya hodi na hodi aliweka dakika nne, muda wa mwenye nyumba kumaliza rakaa mbili na kutafuta mtandio.

Wakubwa wa Korali, watu watatu walio nchi tatu, waliipenda. Kiongozi wao, mama mmoja wa nchi za baridi anayeandika barua fupi kama mtu anayebana pumzi, aliuliza kwa nini dakika nne. Maisa akamweleza habari ya rakaa. Mama akajibu: "Ni sababu bora kuliko zetu." Mwezi wa tisa wakampa Maisa ufunguo, yaani ruhusa ya kubadili kurasa peke yake bila kungoja mtu amkague. Wenye ufunguo duniani walikuwa watatu. Sasa wakawa wanne, na wa nne yuko Ole, nyuma ya mashamba ya muhogo. Siku ile Maisa alipika biriani akalipeleka nyumba saba, na alipoulizwa ni shughuli gani, akasema, "Nimepewa ufunguo." Mtaa mzima ukajua anaolewa.

Na kwa kuwa ana ufunguo, akaiachia Hodi ifanye kazi yenyewe kila Ijumaa: ipige hodi, ikikosa jibu mara tatu iondoe linki, iweke maneno mahali pake, ipeleke. Yale maneno aliyaandika kwa Kiswahili wakati wa majaribio, kwa ajili ya macho yake tu. Alikusudia kuyabadili. Nani hajawahi kukusudia?

Kisha ukaja uchaguzi, wa sita tangu vyama vingi vianze, au wa saba ukihesabu na ule uliorudiwa. Bi Mwanawema kila uchaguzi hufunga nyumba akenda Kiuyu kwa mdogo wake, ndiko alikojiandikisha kupiga kura, akae mpaka zihesabiwe na watu wapoe. "Si woga," husema, "ni kubadili hewa." Waliondoka Alhamisi, Maisa kabeba mabegi, na kompyuta kaiacha chumbani inawaka.

"Maisa," aliita bibi yake sasa, kisu kimesimama hewani. "Mbona umekuwa hivyo? Kafa nani?"

"Hajafa mtu, Bibi. Wamekufa elfu moja mia tisa na kumi na moja."

Bi Mize alikiweka kikombe chini, chai ikamwagika. "Lahaula! Wapi huko?"

"Linki, Bi Mize. Si watu. Linki."

"Hebu nitolee!" Bi Mize alijishika kifua. "Wiki ya uchaguzi mtu hatoi idadi namna hiyo! Roho ishatoka ikarudi, haijui ikae wapi."

Maisa hakumsikia. Alikuwa ameifikia barua ya yule mama. Ilikuwa fupi kama kawaida, lakini safari hii ufupi wake ulikuwa na baridi.

*Maisa. Jumapili iliyopita kitabu kilitoka upya na linki 1,911 zimeondolewa kwa jina lako. Tumerudisha kila kitu, lakini watu elfu arobaini walikwisha kukipakua. Wengine wanadhani ni virusi. Tumesoma kwamba mtandao wa kwenu una matatizo. Tunaamini umeibiwa ufunguo. Tujibu neno moja tu, kwamba umeibiwa, tukupe mpya, yaishe. Tunakutana Jumamosi, saa kumi jioni kwa saa za kwenu, kuamua.*

Jumamosi ndiyo hiyo hiyo. Maisa alihisi kama mtu aliyetupiwa kamba. Ameibiwa! Bila shaka ameibiwa. Mshenzi mmoja kaingia kwenye kompyuta yake, kachukua ufunguo, kachafua. Vidole vyake vikaanza kuandika *Nimeibiwa* kabla hata hajakaa sawa. Kisha ualimu ukamrudi. Mwalimu hasahihishi daftari bila kulifungua. Akaingia chumbani mbio, akafungua kompyuta, akatafuta taarifa ambayo Hodi huiandika kila ikimaliza kazi.

Taarifa ilikuwapo, imekaa kwa utulivu kama mtoto aliyevunja sahani akaenda kujilaza. Ijumaa, saa tano asubuhi. Hodi. Hodi. Hodi. Hakujibu mtu. Vyuo vikuu vitatu: hakujibu mtu. Idara ya hali ya hewa ya nchi nzima ya watu: hakujibu mtu. Ukurasa wa yule mama mwenyewe, ambao Jumatano yake tu Maisa aliusoma akiwa na kikombe cha chai mkononi: hakujibu mtu.

Alisoma akiwa amesimama. Alipofika mia mbili akakaa sakafuni. Ijumaa ile mtandao wa Pemba ulikuwa bado haujazimwa, ulikuwa umebanwa tu. Ulizimwa wote kesho yake. Siku ya kubanwa, milango mingi ilifungwa na michache ikaachwa wazi. Mlango wa kupelekea kazi kwa Korali ulikuwa katika michache ile. Hodi ikapiga kwa adabu zote, dakika nne kwa nne, ikaandika dunia imekufa, ikaipeleka habari hiyo kwa jina la Maisa Hashil na ufunguo wa Maisa Hashil.

Hapakuwa na mwizi.

Alirudi uani. Akawaeleza wale wazee wawili, kwa kukatakata maneno, na walimsikiliza kama wanavyosikiliza taarifa ya habari: kila mmoja na uamuzi wake tayari.

Bi Mize ndiye aliyetangulia. "Sema umeibiwa. Wamekuuliza wenyewe. Nani atajua? Wiki hii nchi nzima kila mtu asema kaibiwa, utakuwa weye wa kushangaza?"

"Mize!"

"Nini? Nampa mtoto njia."

Bi Mwanawema aliliweka ganda la muhogo pembeni. "Hebu nieleze mie kwa kituo. Hicho chombo chako kilikwenda kupiga hodi kwa watu."

"Ndiyo, Bibi."

"Watu elfu mbili."

"Na mia tatu na arobaini."

"Na njia imefungwa."

"Imefungwa."

"Basi hakikufika mlangoni kwa mtu, mjukuu wangu mke mwenzangu. Kilisimama humo humo chumbani kwako, kikaupigia hodi ukuta wako, kikarudi kikakwambia watu wamekufa. Mtu hupiga hodi akishatoka kwao. Weye ulikuwa hujatoka."

Maisa akaipitia Hodi kichwani. Miezi kumi na minne ya kazi, mistari mia tisa ya programu. Ndani yake mmekaa adabu ya hodi tatu, mmekaa rakaa mbili, mmekaa mpaka mtandio. Hakuna hata mstari mmoja unaouliza: je, mimi mwenyewe nimetoka nje? Kwanza gusa mlango ambao unajua kwa yakini una mtu. Usipojibiwa na huyo, rudi ukalale, usimzike yeyote. Mistari minne ingetosha. Mitano, kwa mtu muoga.

"Na jengine," aliendelea bibi. "Hao wasiojibu, nani kakwambia hawamo?"

Bi Mize akakohoa. "Usianze, Mwanawema."

"Naanza. Maisa, huyu unamwona? Mwaka wa tisini na tano mie nilikuwa chama huku, yeye kule. Nilimpigia hodi mwezi mzima. Yumo ndani! Moshi watoka, nasikia mwiko wagonga chungu. Hajibu. Nikenda kisimani watu wakaniuliza habari za Mize, nikawaambia kwa Mize hakuna mtu. Miaka mitatu nasema kwa Mize hakuna mtu."

Maisa alimtazama mmoja, akamtazama wa pili. Kwa akili yake wanawake hawa walizaliwa wamegandana. Hajapata kumwona bibi yake akila futari bila Bi Mize kumkosoa chumvi. "Miaka mitatu?" aliuliza. "Nyinyi?"

"Sisi," alisema Bi Mize, na uso wake ulikuwa umepoteza mzaha. "Weye ulikuwa na miaka miwili. Ulikuwa waja kwangu mwenyewe kwa miguu yako, huna chama. Nakunywesha uji, nakurudisha mpaka ukingo wa ua, nageuka. Bibi yako yuko pale aona. Hasemi. Nami sisemi. Mume wangu kafa mwaka ule wa pili. Mazikoni, kutoka nyumba hii hakuja hata mtoto."

Kuku alipita katikati yao akiparura, hakufukuzwa na mtu.

"Sikwenda," alisema Bi Mwanawema. "Hilo nitaulizwa."

"Utaulizwa," alikubali Bi Mize.

"Sasa ikawaje?" Maisa aliuliza. Sauti yake ilikuwa ndogo.

"Siku moja akaja yeye," alisema Bi Mwanawema. "Hodi. Nikanyamaza. Hodi. Nikanyamaza. Hodi. Nikasema, haya, keshamaliza zake tatu, aende."

"Nikapiga ya nne," alisema Bi Mize.

"Si adabu hiyo."

"Si adabu kabisa. Nikapiga na ya tano. Ya saba akatoka na mwiko, akanipiga."

"Nilikugusa."

"Alinipiga, Maisa! Hapa, kwenye bega. Kisha akaniuliza nimekula."

Wakacheka wote wawili, kicheko cha watu waliokwisha kulia zamani. Maisa hakucheka. Aliitazama simu. Neno *Nimeibiwa* lilikuwa bado liko pale, limeandikwa, linangoja kidole kimoja.

Akilituma, ufunguo wake unarudi, mpya, msafi. Jina lake linabaki jeupe, ataonewa huruma. Yule mama atabadili kufuli, na Hodi itabaki na kasoro yake ile ile, kwa sababu hakuna anayetafuta kasoro kwenye programu ambayo kosa lake kasingiziwa mwizi. Ijumaa nyingine, uchaguzi mwingine, au nchi nyingine yenye mtandao wa kubanwabanwa, mtu mwengine ataizika dunia. Na asipolituma, basi ufunguo wa nne hauko Ole tena. Akakumbuka biriani alilogawa. Akakumbuka wanafunzi wake wa Chake, waliobandika jina lake ukutani darasani.

Akalifuta, herufi moja moja.

*Hakuna mwizi,* aliandika. *Ni mimi. Programu yangu haikuuliza kwanza kama sisi wenyewe tuna njia ya kutoka. Mtandao wa kwetu ulibanwa Ijumaa, lakini kosa si la mtandao. Mimi ndiye niliyeiachia ifanye kazi bila mtu. Maneno yale maana yake ni kwamba tumeita mara tatu mlangoni na hakuna aliyeitika. Si virusi. Waombeni radhi watu elfu arobaini kwa niaba yangu. Mkiuchukua ufunguo, mna haki.* Akaambatisha ile taarifa ya Ijumaa yote, hodi kwa hodi, pamoja na mistari mitano mipya. Kuitunga na kuijaribu kulimla mchana mzima; ilikuwa saa tisa na nusu alipobonyeza.

Saa kumi ikapita. Alasiri ikasaliwa. Maisa alikuna nazi ambazo hakuna aliyemwambia azikune, akazikuna tano, na Bi Mize akamwambia, "Zimebaki mbili mnazini, nikuangushie?"

Saa kumi na moja kasoro simu ikatetemeka. Mara moja tu.

"Soma," alisema bibi yake. "Na usisome kwa moyo, soma kwa mdomo."

Maisa alisoma huku akiwafasiria. Kwa mara ya kwanza barua ya yule mama ilikuwa ndefu.

"Asema: Maisa, tulikuwa watu wanne wenye ufunguo. Ijumaa ile kazi yako ilipita mbele ya macho yetu watatu. Ilikuwa na mabadiliko elfu moja mia tisa na kumi na moja. Hakuna hata mmoja wetu aliyeifungua akaisoma, kwa sababu ilikuwa yako, na yako huwa nzuri. Wewe ulikosea, sisi tuliacha ipite. Tumepiga kura. Kuanzia leo hakuna mwenye ufunguo. Nimeufuta wangu kwanza, kisha funguo za hawa wenzangu wawili, na wako wa mwisho. Kila badiliko, likiwa langu au lako, litasomwa na mtu mwengine kabla ya kuingia. Hodi ibaki, na mistari yake mitano. Jumatatu nina ukurasa wangu, nataka uusome wewe."

Maisa alikuwa amejiandaa kunyang'anywa; alikuwa amejiandaa hata kusamehewa. Hili hakuwa na mahali pa kuliweka. Alisimama na simu mkononi, nazi imemganda vidoleni.

Bi Mize akainua mkono. "Ngoja, ngoja. Huyo mama ndiye mkubwa wao?"

"Ndiye."

"Hiyo kazi kaianzisha yeye?"

"Yeye. Yuko nayo mwaka wa kumi na tisa huu."

"Na ufunguo kautoa mwenyewe? Hakuletewa askari?"

"Hakuletewa mtu, Bi Mize."

"Kura zikapigwa leo, na matokeo yakatoka leo?"

"Yametoka saa ile ile."

Wale wazee wawili wakatazamana. Tangu mwaka wa tisini na tano hawajakosa kupanga foleni hata mara moja, jua na mvua, huku na kule. Kidole cha Bi Mize bado kilikuwa na wino wa juzi. Bi Mwanawema alikiweka kisu chini taratibu, kama mtu anayeogopa kumwamsha mgonjwa, akajisogeza na kibao chake mpaka karibu na simu, akaiangalia kwa macho yasiyoamini.

"Hebu rudia hapo," alisema. "Hapo pa *nimeufuta wangu kwanza*."

Maisa akarudia.

"Polepole," alisema Bi Mize.